Kabla ya Kuagiza Mitambo, Tukague Waya

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Usemi huo wapaswa kukumbukwa na wakuu wa idara zetu hapa Visiwani, wakati huu ambapo hati za ardhi, vyeti vya kuzaliwa na kumbukumbu nyingine za wananchi zinahifadhiwa katika kompyuta. Kumbukumbu hizo ni amana. Ndiyo maana huwekwa katika seva mbili, ili moja ikiharibika, nakala ibaki katika ya pili.

Lakini nakala isiyokamilika si nakala. Katika ofisi moja tuliyoitembelea, kazi ya kunakili baina ya seva mbili ilianza jioni, ikakutwa na asubuhi haijamalizika. Maombi ya fedha za mitambo mipya yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Fundi kijana akaomba siku moja tu ya kukagua. Akakuta waya mmoja umebanwa na mguu wa kabati.

Waya wa kawaida wa mtandao una jozi 4 za nyuzi za shaba. Mwendo wa gigabiti 1 kwa sekunde huhitaji jozi zote 4. Jozi moja ikikatika, vyombo huweza kushuka kimya kimya hadi megabiti 100, ambazo hutosheka na jozi 2. Kwa kuwa biti 8 ni baiti 1, gigabiti 1 ni megabaiti 125 kwa sekunde. Katika kazi halisi hupatikana kama 110. Kwa mwendo huo, terabaiti 1 huhamishwa kwa muda wa saa 2 na nusu hivi. Kwa mwendo ulioshuka, hupita saa 24.

Si kila ucheleweshaji unatokana na waya. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima: mtandao peke yake, kwa programu kama iperf, kisha diski peke yake. Diski moja ya kuzunguka kwa kawaida haifiki megabaiti 300 kwa sekunde. Kuifungia mtandao wa gigabiti 10 ni kuijengea punda barabara ya magari. Aidha, maelfu ya mafaili madogo huchelewesha kuliko faili moja kubwa. Mkulima wa Pemba hapeleki karafuu sokoni punje moja moja, huzitia guniani. Mafaili nayo yafungwe pamoja kabla ya kusafirishwa. Tena ipo programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996, ambayo hupeleka yale tu yaliyobadilika. Hakuna haja ya kubeba ghala zima kila usiku.

Hatusemi kwamba mitambo isinunuliwe kamwe. Pale vipimo vinapoonyesha kwamba iliyopo imezidiwa, Serikali itoe fedha bila ya kusita. Tunachokipinga ni kuagiza kabla ya kupima, kwani fedha hizo ni jasho la wananchi.

Tunatoa rai kwamba kila idara iandike kasi ya unakili katika daftari kila mwezi, ijaribu kurejesha kumbukumbu kutoka katika nakala yake, na iwasikilize mafundi wake, hata wale wenye vyeo vidogo. Siku seva itakapoungua, mwananchi mwenye shamba lake hatauliza bei ya mitambo. Atauliza hati yake iko wapi.