Bao Moja Halitoshi, Hata Wakiwa Kumi

Jumapili ya tarehe 21 Januari mwaka 2024, saa mbili usiku, chumba cha TV cha hosteli yetu kilijaa mpaka watu wakakalia ndoo za kufulia. Wa Simba na wa Yanga walikaa benchi moja, jambo ambalo si la kila wiki. Ilikuwa Taifa Stars dhidi ya Zambia, San Pedro, Ivory Coast, mechi ya pili ya kundi letu la AFCON. Dakika ya 11 Samatta akatoa pasi, Msuva akafunga. Ndoo zikapigwa kama ngoma. Dakika ya 44 Roderick Kabwe akaoneshwa kadi nyekundu, Zambia wakabaki kumi. Jamaa mmoja wa mwaka wa tatu akasimama na kutangaza, "Wazee, hii imeisha. Mimi naenda kuagiza chipsi mayai."

Haikuwa imeisha. Dakika ya 88 ikapigwa kona, Patson Daka akaruka, kichwa, wavuni. Moja kwa moja. Yule jamaa alirudi na mfuko wake wa chipsi akakuta chumba kimya, akauliza, "Mbona mmenuna?" Hakuna aliyemjibu.

Naandika leo kwa sababu tangu usiku ule nimesikia neno moja tu kuhusu mechi hiyo: bahati. Bahati mbaya, hatuna bahati, tumerogwa. Mimi nasema hapana. Kumshindwa mtu ambaye tayari umemwangusha ni ugonjwa, una dalili zake na una dawa yake. Na ugonjwa wenyewe hauko Taifa Stars peke yake. Uko hapa hapa chuoni, na mimi ni mmoja wa wagonjwa.

Tuanze na hesabu, maana ndizo zinazouma. Kwenye kundi lile Morocco alimaliza na pointi 7, Kongo 3, Zambia 2, sisi 2. Mechi yetu ya mwisho tulitoka 0-0 na Kongo. Sasa chukua kalamu: kama bao la Msuva lingebaki peke yake mpaka filimbi ya mwisho, na mengine yakabaki yalivyo, tungekuwa na pointi 4 na kushika nafasi ya pili. Aliyeshika nafasi hiyo ni Kongo, ambaye hakushinda hata mechi moja ya kundi, sare tatu tupu. Kongo huyo huyo akaenda mpaka nusu fainali. Sisemi tungefika huko. Nasema mlango ulikuwa wazi, tukakaa kizingitini kwa dakika 77 tukisubiri mtu aje kuufunga.

Na ungekuwa ushindi wa kwanza wa Tanzania katika fainali za AFCON. Wa kwanza kabisa! Tulikwenda Nigeria mwaka 1980, tukarudi na sare moja. Tukakaa miaka 39. Tukaenda Misri mwaka 2019, tukafungwa zote tatu. Kati ya hizo tatu, mbili tunaweza kuzisamehe: Senegal na Algeria ndio waliokutana fainali. Ya tatu ilikuwa na Kenya, na hiyo wengi wetu tuliitazama tukiwa bado sekondari. Msuva alifunga mapema, dakika ya 6. Olunga akasawazisha dakika ya 39. Dakika moja baadaye Samatta akaturudisha mbele, tukaenda mapumziko tukiwa 2-1. Kipindi cha pili Omolo akasawazisha dakika ya 62, Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. Tuliongoza mara mbili, tukafungwa 3-2.

Mara ya kwanza unaweza kuiita bahati. Ikirudi miaka mitano baadaye, tena mbele ya timu iliyo pungufu, hiyo ni tabia.

Tabia yenyewe ni ipi? Tukipata bao tunaacha kufanya kile kile kilichotupa bao. Mabeki wanarudi hatua tano, viungo wanawafuata mabeki, mshambuliaji anabaki kule mbele peke yake kama mtu aliyesahauliwa stendi. Mpira ukija, unabutuliwa. Ukibutuliwa, unarudi. Tunaita kulinda ushindi. Lakini tunaulinda kwa kumpa mwenzetu kitu pekee alichokuwa anakihitaji.

Hapa naomba wale wanaosema "wako kumi, wamekufa" wanisikilize kidogo. Timu pungufu inateseka pale mpira unapotembea. Ukiupeleka kulia, wanakimbilia kulia. Ukiurudisha haraka kushoto, kuna mtu wako yuko peke yake, kwa sababu wale kumi hawawezi kuufunika uwanja mzima. Ukiwakimbiza hivyo kwa dakika ishirini, miguu inaisha, na bao la pili linakuja lenyewe. Lakini mpira ukisimama, hesabu inabadilika. Kwenye kona, kwenye faulo karibu na boksi, kwenye mpira mrefu wa kurushwa, kila mtu anaingia ndani ya boksi, na yule mmoja aliyepungua huoni pengo lake. Anayehitajika hapo ni mtu mmoja anayejua kuruka. Mpira uliosimama haujui nani yuko kumi.

Kwa hiyo timu inayoongoza ikianza kubutua hovyo, kutoa mipira nje na kuchezea watu rafu, inawagawia wenzao ile silaha moja waliyobakiwa nayo. Zambia hawakuhitaji kutuzidi mpira dakika zote. Walihitaji kona moja. Na tukumbuke Zambia si timu ya kubeza, ni bingwa wa Afrika wa mwaka 2012. Bingwa wa zamani aliyejeruhiwa humwachi akae chini apumue.

Sasa nikiri la kwangu. Mwaka jana, nusu fainali ya kombe la vitivo, nilikuwa beki wa kushoto wa timu yetu. Mpaka mapumziko tunaongoza 2-0. Kipindi cha pili hakijatulia, kipa wao akaumia kidole, na hawakuwa na kipa wa akiba. Akavalishwa glovu winga wao, kijana mwembamba ambaye glovu zenyewe zilikuwa zinamvuka. Wanachuo wenzangu, ungefikiri tungepiga kila mpira golini. Tulikuwa na zaidi ya nusu saa. Nakumbuka shuti moja tu lililolenga goli, nalo lilitoka nje ya boksi, likamfikia mikononi.

Tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunapoteza muda! Mimi mwenyewe nilifunga kamba za kiatu mara tatu. Winga wetu alijiangusha, akatibiwa, akainuka, akajiangusha tena. Kila nilipopata mpira niliupiga nje, na kila nilipoupiga nje nilishangiliwa. Dakika za mwisho wakapata faulo, wakafunga. Wakapata kona, wakafunga. Tukaenda matuta, na yule winga mwenye glovu za kuazima akadaka mbili. Akabebwa juu juu mpaka kantini. Mpaka leo nikikutana naye maktaba ananionesha viganja.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba hatukuogopa kufungwa. Tuliogopa kucheza. Tukiwa 0-0 hakuna cha kupoteza, kila mtu anathubutu. Tukiwa mbele, ghafla tuna mali, na mwenye mali hapati usingizi. Kila pasi inaonekana ni hatari, kila kwenda mbele kunaonekana ni tamaa. Basi tunakaa na mali yetu mlangoni, tunamtazama mwizi anavyokuja.

Najua nitajibiwa. Kuna watu wataniambia, dogo, mpira ni pointi tatu, hata goti likifunga. Na wana ushahidi. Tulikwenda Ivory Coast kwa sababu Septemba mwaka 2023 tulibana Algeria kwao Annaba, 0-0. Novemba tukaifunga Niger 1-0 katika kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Na mwezi Juni mwaka 2024 tukaenda Ndola, kwao Zambia, Waziri Junior akafunga dakika ya 5, na safari hii bao moja likasimama mpaka mwisho. Je, si hao hao Zambia?

Ni kweli, na nilishangilia kama wengine. Siidharau kazi ile. Timu ambayo Mzee Mwinyi aliwahi kuiita kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyoa, leo inakwenda ugenini na kurudi bila kuruhusu bao. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini tazameni vizuri kile tulichojifunza: kutofungwa. Kumaliza bado. Ndola tulikaa dakika 85 tumeshika roho mkononi. Ikitokea mara moja inaitwa ujasiri. Ukiifanya ndiyo mpango wako wa kila mechi, unategemea kwamba kila siku kichwa cha mwisho kitapita juu ya mwamba. San Pedro hakikupita.

Ulinzi bora wa bao la kwanza ni bao la pili. Si maneno ya kujifurahisha. Ukiwa 2-0, kona ya dakika ya 88 ni kona tu. Kipa anapumua, beki anapiga pasi badala ya kubutua, na yule wa upande wa pili anaanza kutazama saa yake mwenyewe.

Na sisi watazamaji tusijitoe. Nilikuwepo pale kwenye ndoo. Dakika ya 60 chumba kizima kilikuwa kinapiga kelele, "Toa nje! Lala chini! Poteza muda!" Hakuna aliyesema tafuta la pili. Mchezaji wa kombe la vitivo anayasikia hayo kwa masikio yake, yuko mita tatu kutoka kwenu. Wa Taifa Stars amekua akiyasikia tangu chandimu za mtaani. Tumemlea mtu kwa miaka ishirini tukimshangilia anapobutua, halafu tunamlaumu kwa kubutua.

Na tukiwa wakweli, wengi wetu ndivyo tunavyosoma. Mtu anapata alama nzuri za majaribio ya katikati ya muhula, anajiona amemaliza, wiki tatu za mwisho anaishi kwa desa, kisha anakutana na sapu anasema mhadhiri ana roho mbaya. Bao la jioni halifungwi San Pedro tu.

Basi nina maombi mawili, na yote yanawezekana kabla kombe la vitivo halijaanza. La kwanza ni kwa makocha wetu wa vitivo, ambao wengi ni wanafunzi wenzetu. Mazoezini, msianze kila mara 0-0. Gaweni timu, semeni: nyie mnaongoza moja, zimebaki dakika ishirini, wenzenu wako kumi. Marufuku kubutua. Anayeongoza asipofunga la pili, amepoteza. Fanyeni hivyo kila wiki, mpaka kuongoza kuwe jambo la kawaida ambalo halimtetemeshi mtu magoti. Nasi tunaocheza nyuma tujifunze kuupeleka mpira upande wa pili tukiwa na presha, badala ya kuutupa jukwaani.

La pili ni kwetu sote. Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, sisi na Kenya na Uganda. Safari hii hatutakuwa kwenye ndoo hosteli, wengine tutakuwa uwanjani, na sauti yetu itafika. Waswahili walisema maji ukiyavulia nguo, yaoge. Siku Stars watakapopata bao la mapema, tafadhali, usiende kuagiza chipsi, na usiwaambie walale chini. Simama na wenzako, mpige kelele neno moja: la pili.

Kuanzia kombe la vitivo. Mimi nitakuwa kushoto kama kawaida. Mkiniona nainama kufunga kamba za kiatu tukiwa tunaongoza, nizomeeni.