Samatta na Mizani ya Wageni

Itaka, kata ya wilaya ya Mbozi katika mkoa wa Songwe, ni nchi ya wakulima. Mtu akitaka kujua maana ya subira, na aende huko akaulize jinsi mche wa kahawa unavyolelewa. Mche hukaa kitaluni, huhamishiwa shambani, hupaliliwa, hutiwa mbolea, hupogolewa. Na mwenyewe hungoja kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuchuma buni ya maana. Hapana mkulima wa Mbozi apandaye mche Januari akaung'oa Septemba kwa hoja kwamba haukuzaa. Afanyaye hivyo watu wangemwombea dawa.

Walakini jioni ifikapo, watu hao hao wenye subira huketi mbele ya televisheni kutazama kandanda ya Uingereza, nao, kama watu wa kila pembe ya Tanzania, hutoa hukumu isiyo na chembe ya subira: kwamba Mbwana Samatta alikwenda Uingereza akashindwa. Hukumu hiyo husemwa vibandani, husemwa ndani ya mabasi yaendayo Tunduma, na, jambo la kusikitisha zaidi, husemwa na wasomi. Imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama kweli. Yafaa ihojiwe.

Kwanza na yatajwe mambo kama yalivyokuwa. Samatta aliingia Aston Villa tarehe 20 Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Timu hiyo ilikuwa imepanda daraja mwaka 2019 tu, nayo ilikuwa ikihangaika isishuke tena. Mshambuliaji wake, Wesley wa Brazili, alikuwa ameumia goti siku ya mwaka mpya. Samatta hakualikwa karamuni. Aliitwa kuzima moto. Tarehe 1 Februari alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Bournemouth, akafunga kwa kichwa. Tarehe 1 Machi alisimama Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, akajitupa mbele, akaupiga mpira kwa kichwa ukaingia wavuni. Villa walishindwa mabao 2 kwa 1, lakini bao lao pekee lilikuwa la kijana wa Dar es Salaam.

Katikati ya Machi maradhi ya korona yalivifunga viwanja. Ligi ilirudi tarehe 17 Juni, ikachezwa mbele ya viti vitupu. Villa walimaliza wa 17 kwa pointi 35, pointi moja tu juu ya waliozama. Septemba Samatta akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo, wala hakurudi kuchezea Villa. Hesabu yake ya ligi ni mechi 14 na bao 1. Miezi minane basi, na katika hiyo mitatu ilipita hapana aliyepiga mpira. Hilo ndilo jabali ambalo juu yake imejengwa hukumu ya maisha ya mtu.

Na maisha yenyewe ni yapi? Mwaka 2011 aliondoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 2015 aliisaidia Mazembe kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika, akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016 alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wachezao barani. Mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2019 akawa bingwa wa nchi hiyo, naye amefunga mabao 23 ya ligi katika msimu mmoja. Novemba 2019 aliifunga Liverpool, bingwa wa Ulaya wa wakati ule, nyumbani kwake Anfield. Baada ya Uingereza hakuzikwa: alikuwa katika PAOK ya Ugiriki ilipotwaa ubingwa mwaka 2024. Katikati ya safari hiyo aliiongoza Taifa Stars kama nahodha katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 nchini Misri, ambalo Tanzania haikuwa imelifikia tangu 1980.

Msomaji mwadilifu ataona kwamba mtu huyu amekaa katika mchezo wake zaidi ya miaka kumi na mitano, akavuna Afrika na Ulaya. Kumwita aliyeshindwa kwa ajili ya miezi minane ni kuitazama bahari kwa tundu la sindano.

Sasa na aletwe Mreno kwa kulinganisha. Agosti 2003 Cristiano Ronaldo, winga wa miaka 18 aliyezaliwa Madeira, aliingia Manchester United akitokea Sporting ya Lisbon. Msimu wa kwanza alifunga mabao 4 ya ligi. Wa pili 5. Wa tatu 9. Wengi walimcheka kwa kuuzungukia mpira kwa miguu kama mcheza ngoma, akawachosha hata wenzake waliongojea pasi. Lakini mwalimu wake, Alex Ferguson, hakumng'oa. Msimu wa nne akafunga 17, wa tano 31, na mwaka 2008 akapewa Mpira wa Dhahabu. Laiti angepimwa kwa kipimo alichopimwa nacho Samatta, dunia isingalimjua.

Hapa mpinzani atainuka aseme: Ronaldo alikuwa mtoto, Samatta alikuwa mtu mzima wa miaka 27, mtoto hungojewa, mtu mzima huletwa afanye kazi leo. Neno hili lina uzito, wala halifai kupuuzwa. Tena hapana anayedai kwamba Samatta angekuwa Ronaldo kama angengojewa. Bali swali linalofuata ndilo kubwa: kwa nini Mreno afike akiwa na miaka 18, na Mtanzania akiwa na 27? Jibu limo langoni. Wakati ule raia wa Ureno, kwa kuwa ni raia wa Umoja wa Ulaya, aliingia Uingereza kucheza mpira bila kuomba kibali cha kazi. Mtanzania aliombewa kibali, na kanuni za miaka ya Samatta ziliwafungulia njia nyepesi wachezaji wa mataifa 50 ya juu katika orodha ya FIFA. Tanzania ilikuwa mbali nje ya 50. Mmoja alipita mlango ulio wazi. Mwenzake alipaswa kwanza kuzunguka Lubumbashi na Genk, atoe ushahidi mwaka baada ya mwaka, hata ujana wake ukapungua njiani. Kisha yule aliyezungushwa anaulizwa kwa nini amechelewa!

Asiyeamini kwamba mizani ya lango hilo ni mbovu na amtazame McDonald Mariga wa Kenya. Januari 2010 Manchester City walimtaka kutoka Parma ya Italia. Uingereza ikamnyima kibali, kwa kuwa Kenya ilikuwa nje ya mataifa 70 yaliyotakiwa siku zile. Mariga hakuwa amepungukiwa na pumzi wala miguu. Nchi yake ilipungukiwa na namba. Basi akaenda Inter ya Milan, na Mei mwaka huo huo Inter wakawa mabingwa wa Ulaya, naye yumo kikosini. Nduguye, Victor Wanyama, alipitia Scotland, katika Celtic, ndipo mwaka 2013 akaingia Southampton, akawa Mkenya wa kwanza katika ligi hiyo. Ikiwa mizani imesema mtu ni mwepesi, na kabla ya mwaka kwisha mtu huyo amo katika kikosi cha mabingwa wa bara zima, ni nani wa kutengenezwa: mtu au mizani?

Walakini lawama kubwa si ya Waingereza. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wao wanaisifu ligi yao, wanaiuza kwa walimwengu, na hakuna aliyewakataza wengine kusifu chao. Lawama ni ya aazimaye mizani ya jirani kwenda kumpimia mtoto wake mwenyewe, kisha akarudi nyumbani akilia kwamba mtoto hana uzito. Mwingereza hakumwambia mtu wa Tanzania ayasahau mabao ya 2015. Amejisahaulisha mwenyewe.

Na ubaya wa kosa hili haumfiki Samatta, ambaye amekwisha kula jasho lake. Humfika mtoto wa Itaka achezaye chandimu kwa mpira wa matambara na mifuko ya nailoni. Mtoto huyo husikia wakubwa wakisema kwamba bingwa wa Afrika na bingwa wa Ubelgiji si kitu, kwa sababu London na Birmingham hazikumkubali. Hujifunza kwamba kazi ya miaka haina thamani mpaka mgeni aigonge muhuri, na kwamba muhuri ukikosekana yote ni bure. Atakayeamini hivyo ama hataanza safari, ama ataianza akiwa amekwisha jiona ameshindwa. Nchi ya watu zaidi ya milioni 60 ilimtwisha mtu mmoja mzigo wa heshima yake yote. Alipoyumba kidogo ikamcheka, badala ya kuona haya kwamba hakuwa na wa kupokezana naye.

Wala mwanachuo asidhani kwamba habari hii ni ya mpira peke yake. Ugonjwa ni ule ule wa anayeidharau tasnifu kwa kuwa haikuandikwa kwa Kiingereza, na wa anayekiona kitabu cha Kiswahili ni kichanga mpaka kitafsiriwe. Anayemhukumu Samatta kwa miezi minane ya Birmingham na arudi kwanza maktabani kwake, atazame ni vitabu vingapi amevihukumu kwa mizani hiyo hiyo.

Mkulima wa Itaka anaijua kahawa yake tangu ilipokuwa mbegu. Mnywaji wa ng'ambo huijua tangu kikombe kilipowekwa mezani. Mnywaji akisema haikumpendeza, amesema habari ya ulimi wake. Hajasema habari ya shamba. Habari ya shamba ni ya aliyelilima, na Samatta lake amelilima miaka, katika nchi nyingi, mbele ya macho ya wote wanaotaka kuona.