Karai Kwanza, Kabati Baadaye

Wiki hii nawapeleka jikoni. Na nyinyi kaka zangu msigeuze ukurasa, maana walaji wakubwa ni nyinyi.

Kule Tokyo, Japani, kati ya Ueno na Asakusa, kuna mtaa unaitwa Kappabashi. Huko ni vyombo vya jikoni tu, duka baada ya duka. Mwenye hoteli anaingia mikono mitupu, anatoka na visu, masufuria, mabakuli, hata pazia la kutundika mlangoni. Lakini kinachowaacha wageni midomo wazi ni chakula cha bandia: samaki, tambi, mpaka yai la plastiki, vya kupanga dirishani ili mpita njia ajue ndani kunapikwa nini. Kinang'aa kuliko cha kweli. Ole wako utie jino!

Unawacheka Wajapani? Ngoja kwanza. Wao wana chakula cha bandia cha kutazama, sisi tuna sahani za kweli za kutazama. Nasema uongo? Nyumba ngapi unazijua zina kabati la kioo limejaa seti ya maua maua, na tangu siku ya harusi hakuna aliyeilia? Afadhali Mjapani, plastiki yake inamwitia wateja.

Tabia hii si ya jana wala juzi. Wazee wetu wa pwani walijenga zidaka ukutani, wakapanga humo vyombo vya Kichina wageni wavione. Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, liko kaburi la kale lenye nguzo iliyopachikwa mabakuli ya Kichina. Fahari ya vyombo ilimfuata mtu mpaka makaburini!

Sasa turudi kwetu Pemba. Chake Chake hatuna Kappabashi, lakini ukitaka vyombo hukosi. Kuna mbuzi za kukunia nazi, vinu, makawa, vyungu na pawa za kifuu. Ukiingia dukani ni ndoo za plastiki, chupa za chai na seti zilizofungwa kwenye maboksi. Mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, milango ya biashara ilifunguliwa baada ya miaka ya uhaba, na bidhaa za nje zikaanza kumiminika. Leo geuza sahani yoyote uisome mgongoni, nyingi ni za China.

Msimu wa karafuu ulipokwisha nilimsindikiza binti wa shangazi yangu kununua vyombo. Amechumbiwa. Pesa ilikuwa yake mwenyewe, ya kuchuma karafuu, na kila noti aliijua ilikotoka. Shangazi alishaagiza: seti ya kioo, watu waione siku ya kupeleka vyombo. Yeye alikuwa na lake, kuuza vitumbua asubuhi. Pesa haikutosha vyote viwili.

Dukani aliishika ile sahani ya maua muda mrefu. Ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Kisha akaniuliza: "Kaka, hii nikishaiweka kabatini itanipa nini?" Sikuwa na jibu. Akairudisha taratibu, tukatoka.

Tulinunua chuma cha vitumbua, karai, mbuzi na jiko la makaa. Na kununua huku kuna elimu yake. Chuma cha vitumbua kinyanyue kwanza. Kizito kinashika moto, ukimimina unga hakipoi. Chepesi kinaunguza chini, ndani kitumbua kibichi. Karai libane mikono, likilegea dukani litakumwagia mafuta nyumbani. Mbuzi ipapase meno, na ubao uukalie uone kama hautikisiki. Ukifika nyumbani, hicho chuma kipashe moto na mafuta kabla ya kazi, la sivyo kitumbua cha kwanza utakitoa vipande vipande.

Shangazi alinuna siku mbili. "Watu watasema nini?" ndiyo iliyokuwa nyimbo yake. Na hapo ndipo penye kesi, wasomaji wangu. Hao watu wakishasema wanakwenda zao, na wewe unabaki na kabati. Simsemi mtu aliyenunua seti kwa uwezo wake, kizuri kila mtu anakipenda. Namsema anayeifungia mtaji wake kwenye kioo, halafu kila asubuhi anaomba hela ya chai.

Binti sasa anauza. Moshi unamtoa machozi na siku nyingine vinabaki, biashara ndivyo ilivyo. Shangazi bado analalamika kuhusu ile seti, ila siku hizi analalamika huku kitumbua kiko mkononi.

Dada zangu mnaojiandaa, na nyinyi kaka mnaoposa, kaeni mlijadili hili kabla ya kwenda dukani. Karai kwanza, kabati baadaye. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.