Roboti ya sentimita 25: Kipimo kidogo kinazibeba au kinazibana shule za Kyela?

Roboti inaweza kuwa na programu safi, mota zenye nguvu na wanafunzi walioiandaa kwa miezi kadhaa, halafu ikakwama kwa sababu ya nusu sentimita. Kwenye mashindano ya roboti ya wanafunzi, kabla ya kuchuana kuna kupimwa. Usipotosha kwenye boksi, huingii uwanjani.

Kwa shule za mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia Matema na Ipinda hadi Kasumulu mpakani na Malawi, hilo sio jambo la mbali tena. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na mwanafunzi anatakiwa atoke na ujuzi wa mikono. Shule ya kata ikitaka kuingia kwenye roboti, uamuzi wake wa kwanza ni huu: tujenge roboti ya ukubwa gani, kwa mashindano yapi?

Vipimo vyenyewe

Kila mashindano ya kimataifa yana kipimo chake:

- World Robot Olympiad (WRO), kundi la RoboMission: sentimita 25 kwa 25 kwa 25 kabla ya kuanza. Nyaya nazo zinahesabiwa.
- WRO, kundi la Future Engineers (gari linalojiendesha): sentimita 30 kwa 20, kimo sentimita 30, uzito usiozidi kilo 1.5.
- FIRST LEGO League: roboti na vifaa vyake vitoshe kwenye eneo la kuanzia, kimo kisizidi sentimita 30.5.
- FIRST Tech Challenge: inchi 18 kila upande, yaani sentimita 45.72.

Hapo kwenye inchi ndipo wengi wanapoweza kuumia. Mwanafunzi wa Tanzania anapima kwa sentimita. Akikadiria inchi 18 kuwa "kama 46 hivi", tayari amezidisha karibu milimita tatu. Boksi la ukaguzi halijui "kama hivi".

Kwa nini wanabana?

Aliyewahi kufuatilia UMITASHUMTA au UMISSETA anaijua kelele ya vijeba, wale wachezaji waliozidi umri wanaoingizwa ili timu ishinde. Roboti kubwa kupita kiasi ni kijeba wa uwanja huu. Inaweza kuziba njia, kukumbatia vitu vyote vya pointi na kumwacha mpinzani akizunguka pembeni.

Sababu ya pili ni hela. Roboti ikikua, inahitaji chuma zaidi, mota kubwa zaidi na betri nzito zaidi. Bila kikomo, shule yenye mfadhili ingeshinda dukani kabla ya kushinda uwanjani.

Ya tatu ni usalama. Mashine nzito inayokwenda kasi karibu na watoto ni hatari.

Wapo wanaosema vikomo vinaua ubunifu. Lakini mashindano mengi yanapima roboti kabla haijaanza tu. Ikishaanza, inaruhusiwa kujikunjua. Ndiyo maana utaona mikono inayorefuka na lifti zinazopanda: kikomo kimewalazimisha wanafunzi kufikiri namna ya kukunja.

Hata hivyo, huo nao una mipaka. Msimu wa 2024/25, FIRST Tech Challenge iliweka kikomo cha kujikunjua pia: inchi 20 kwa 42, yaani takribani sentimita 51 kwa 107. Sheria hubadilika msimu hadi msimu, na timu inayojenga kwa kutumia kitabu cha sheria cha mwaka jana inaweza kurudi nyumbani mapema.

Kyela inafaidika wapi?

Kwanza ni usafiri. Kutoka Kyela hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Roboti ya sentimita 25 inaingia kwenye begi la shule, na mwanafunzi anaweza kuipakata kwenye gari kutoka Matema hadi Mbeya mjini bila kulipia mzigo. Ile ya sentimita 45 inahitaji kasha lake, na ikikaa kwenye buti chini ya magunia ya mchele, hakuna anayejua itafika ikiwa na umbo gani.

Pili ni uwanja wa mazoezi. Mkeka wa RoboMission una sentimita 236 kwa 114. Hiyo ni meza ambayo fundi seremala wa Ipinda anaweza kuitengeneza, na ikatosha kwenye kona ya darasa. Uwanja wa FIRST Tech Challenge ni mraba wa karibu mita 3.66 kila upande. Kwa shule ambayo madarasa yenyewe hayatoshi, tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini kikomo cha ukubwa sio kikomo cha bei

Hapa ndipo hoja ya "roboti ndogo ni ya kila mtu" inapolegea. Roboti inaweza kuwa ndogo kama sufuria ya wali na bado ikagharimu hela ambayo shule ya kata haina. Tatizo ni sheria za vifaa. FIRST LEGO League inataka vipande na vifaa vya umeme vya LEGO. FIRST Tech Challenge ina orodha ya mota na vidhibiti vinavyokubalika. Ukija na mota uliyoitoa kwenye printa mbovu, kipimo utapita lakini ukaguzi utakukwamisha.

Future Engineers ya WRO imeacha mlango wazi zaidi: timu inachagua kidhibiti na vifaa vyake ndani ya masharti machache. Kwa hiyo kwa shule isiyo na mfadhili, swali la maana ni mawili kwa pamoja: roboti iwe na ukubwa gani, na tunaruhusiwa kuijenga kwa nini?

Kuna pia FIRST Global, iliyoanza Washington 2017, ambako kila nchi hupeleka timu moja tu. Nafasi ni chache, na mtoto wa Kyela hawezi kuifikia kama hakuna ngazi za kupandia. Michezo ya shule inazo: shule, wilaya, mkoa, taifa. Roboti zikipewa ngazi kama hizo, zenye kipimo kimoja cha sentimita 25 na ruhusa ya kutumia vifaa vya mtaani, halmashauri itakuwa imefungua mlango bila kusubiri kontena la vifaa kutoka nje.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza

- Soma sheria za msimu huu, sio za mwaka jana.
- Jenga sentimita 24, acha moja ya akiba.
- Pima na nyaya zote zikiwa zimefungwa.
- Pima tena baada ya safari. Skrubu hulegea barabarani.
- Tengeneza boksi la kupimia la plaiwudi, lenye sentimita 25 kamili kwa ndani.

Boksi hilo ndilo kifaa cha bei rahisi kuliko vyote kwenye mchezo huu. Kazi kubwa ni kupata cha kuweka ndani yake, na hiyo haipimwi kwa futikamba.