Kisasi Hakihitaji Bastola

Waandishi wetu wa tamthilia wanaamini, na watazamaji wameitikia, kwamba hadithi ya uhalifu na kisasi haina uhai mpaka iwe na Nairobi, bastola na magari yanayofukuzana. Mji wa ziwani kama Sori, kule Nyatike, huonyeshwa mwanzoni tu: hapo ndipo atokapo kijana kabla ya kupanda basi kwenda kuharibikiwa jijini. Imani hiyo ni potofu, na imetunyima tamthilia nyingi nzuri.

Taharuki ya kisasi haitoki kwenye risasi. Risasi ikishalia, jambo limekwisha. Hutoka kwa watu wanaojua jambo wasiloweza kulitamka, na bado wanalazimika kufanya kazi pamoja na kugawana pesa. Nairobi mtu akibanwa atahama mtaa. Mvuvi wa Sori atahamia wapi? Anayemdai ndiye atakayemkuta kwenye mizani alfajiri.

Tuchukue kisa cha kubuni. Wezi wamewavamia wavuvi usiku, wakang'oa injini na kubeba nyavu, wizi ambao wavuvi wa Ziwa Victoria wanaujua vyema. Wavuvi wanarudi kwa makasia. Tajiri, mwenye mashua, anauliza kama kuna aliyeumia. Kuhusu injini hasemi neno. Mmoja wao ndiye aliyewauzia wezi habari, na tajiri ameshamjua: ni shemeji yake. Shemeji naye anajua kwamba injini ile ya kwanza, iliyomtajirisha huyu bwana, ilinunuliwa bila kuulizwa ilikotoka. Sasa nani ana nguvu hapo? Siku ya kugawana, tajiri anatoa gharama ya mafuta, fungu la mashua na la nyavu, kisha kinachobaki anawagawia wavuvi. Shemeji anapewa zaidi ya haki yake, mbele ya wenzake wote. Hakuna aliyepaza sauti, lakini kila mmoja pale ameelewa kwamba kijana yule ameshahukumiwa.

Nionyesheni bastola inayotisha kuliko noti hizo.

Mwenyekiti wa BMU, kitengo cha usimamizi wa ufuo, angeweza kuingilia, ila amechaguliwa kwa kura za watu hao hao. Kushtaki polisi nako kuna mtihani wake: injini ikionekana Migingo, kisiwa kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, utampelekea malalamiko askari wa nchi gani? Halafu kuna mama anayenunua omena, wale dagaa wa ziwani. Ziwa zima linajua jaboya, ule mtindo wa mvuvi kudai mwili wa mchuuzi ndipo amuuzie samaki. Mwandishi mpenda bastola atamfanya mama huyu wa kulia tu. Mimi namwona kuwa ndiye mwenye kisasi kirefu kuliko wote, kwa sababu anasikia kila siri ya ufuo na hakuna anayemhesabu.

Wapo watakaosema mtazamaji anataka vishindo. Basi watazame upya Nairobi Half Life ya 2012, filamu ya Tosh Gitonga wanayopenda kuitaja. Ndiyo, ina bunduki. Lakini kinachotushika ni kijana anayeishi kati ya genge na jukwaa la maigizo, kila upande akiuficha kwa mwingine. Na Country Queen, iliyoingia Netflix mwaka 2022, ilijenga mgogoro wake juu ya ardhi ya kijijini na kampuni ya madini. Nairobi imo, lakini kijiji ndicho chenye uzito.

Kwa hiyo watayarishaji waje Sori, tena waje Aprili, uvuvi wa omena unapofungwa hadi mwisho wa Julai. Mashua za omena zinalala, madeni hayalali, na waliofichana mambo wanakuwa na miezi minne ya kutazamana mchana kutwa. Mwandishi anayehitaji bastola kwa msimu kama huo bado hajawasikiliza watu wa ufuo.