AHADI YATAKA MABEHEWA



Mtu akikuahidi kwamba atakuja kukusaidia siku ya vita, usimshukuru tu ukaenda kulala. Muulize mambo matatu: atakuja siku gani, atakuja na nini, na atataka malipo gani. Leo twataka kuwaeleza habari za ahadi moja kubwa iliyotimizwa mwaka 1945. Yatuhusu sisi watu wa reli, maana iliyoitimiza ilikuwa reli, na sehemu ya malipo yake ilikuwa reli vile vile.

Katika mwaka 1943 Marekani na Uingereza walikuwa wakipigana na Ujerumani upande mmoja na Japani upande wa pili. Wazee wetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliingizwa katika vita hiyo ya Japani. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na matope. Urusi ilikuwa ikipigana na Ujerumani, lakini na Japani ilikuwa na mkataba wa kutopigana, uliotiwa sahihi Aprili 1941. Na Japani ilikuwa na jeshi kubwa katika Manchuria, kaskazini ya China. Marekani ilitaka sana Urusi ilikamate jeshi hilo lisiende kusaidia kwingine. Basi katika mkutano wa Tehran, mwishoni mwa mwaka 1943, Stalin akasema kwamba Ujerumani ikisha kushindwa, naye ataingia.

Neno jema. Lakini neno halivuti behewa.

Toka Moscow mpaka Vladivostok ni kilometa kama 9,300. Chukua safari ya Mombasa mpaka Kisumu kwa njia ya zamani, kisha uizidishe karibu mara kumi. Risasi, unga, mafuta na majani ya farasi, karibu vyote vilipaswa kupita katika njia hiyo moja. Tena mbele huko njia yapita karibu na mpaka wa Manchuria, mahali ambapo Wajapani wangeweza kuikata siku ya kwanza tu ya vita. Kwa hiyo shehena ilipaswa kufika na kuwekwa ghalani kabla risasi moja haijalia.

Oktoba 1944 wakakaa Moscow: Stalin, Churchill, Balozi Harriman na Jenerali Deane wa Marekani. Hapo ndipo maneno yalipogeuka kuwa hesabu. Warusi wakaleta orodha ya mahitaji ya watu 1,500,000 kwa miezi miwili: chakula, mafuta, malori, vyombo vya reli. Jumla yake ilipita tani 1,000,000. Wamarekani wakaipa kazi hiyo jina la Milepost, maana yake nguzo ya maili, kama zile za kando ya njia ya reli. Meli zenye bendera ya Urusi zilikuwa zikivuka Pasifiki na kupita mlangoni mwa Japani, nayo Japani haikutaka kuongeza adui mwingine. Katika vita ile yote Marekani iliipa Urusi injini za reli karibu 2,000.

Februari 1945, katika mkutano wa Yalta, siku ikatajwa: miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kusalimu amri. Ujerumani ikasalimu amri tarehe 8 Mei. Toka hapo reli haikulala. Yasemekana mabehewa kama 136,000 yalitumika, na katika Juni na Julai treni 20 mpaka 30 zilikwenda mashariki kila siku. Divisheni zilizokuwako huko zilikuwa kama 40. Zikawa zaidi ya 80. Majenerali walisafiri kwa majina ya uwongo. Marshal Vasilevsky, mkubwa wao wote, alivaa cheo cha chini na kujiita Vasilyev.

Tarehe 8 Agosti, miezi mitatu kamili, Molotov akamwita balozi wa Japani na kumwambia kwamba kesho ni vita. Usiku ule ule majeshi yakaingia Manchuria kwa pande tatu. Tarehe 6 na 9 Marekani iliangusha mabomu ya atomu Hiroshima na Nagasaki. Tarehe 15 Mfalme wa Japani akatangaza kwamba vita imekwisha.

Vitabu vyawasifu majenerali. Sisi twajua treni 30 kwa siku zina maana gani. Ni dereva asiyelala, fayamani aliyeungua mikono, mtu wa pointi, gadi, na watu wa genge wakikaza mataruma kati ya treni na treni. Ahadi ya Stalin ilibebwa na watu hao, ijapokuwa hakuna aliyewauliza.

Sasa malipo. Huko Yalta wakubwa watatu waliandika karatasi ya siri. Urusi ipewe kusini ya Sakhalin na visiwa vya Kuril. Ipewe bandari ya Port Arthur kwa manowari zake, na haki zake katika bandari ya Dairen. Na zile reli mbili kubwa za Manchuria ziendeshwe na Urusi pamoja na China. Lakini Manchuria ni nchi ya nani? Ni ya China. Na China ilikuwa rafiki katika vita hiyo hiyo, ikimwaga damu toka mwaka 1937. Haikuitwa mezani. Iliarifiwa rasmi mwezi wa Juni, na tarehe 14 Agosti ikatia sahihi mkataba na Urusi, majeshi ya Warusi yakiwa yamekwisha kuingia nchini. Reli haikurudi mikononi mwa China peke yake mpaka mwisho wa mwaka 1952, na Port Arthur mpaka 1955. Kwa ajili ya Kuril, Japani na Urusi hawajatia sahihi mkataba wa amani mpaka leo.

Wako watakaosema kwamba siri ilikuwa lazima, maana Japani ingesikia. Ni kweli. Siri ya tarehe ni haki ya vita. Lakini kumficha mwenye mali bei ya mali yake ni wizi, hata mwizi akiwa rafiki.

Ndugu, nasi tuna marafiki. Chama kingine kikisema kitaweka vyombo chini pamoja nasi, twashukuru. Lakini kamati isirudi na shukrani peke yake. Irudi na tarehe. Irudi na hesabu ya unga: fedha za majuma mangapi, na zimewekwa wapi? Kisha irudi na bei, iisome wazi mbele ya mkutano. Na ikiwa bei hiyo ni nyumba za watu wa genge, au zamu za watu wa karakana, basi watu hao waulizwe kwanza, kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Ahadi ni deni. Yatupasa kujua mapema ni nani atakayelilipa.

Mhariri