Kilti na Tisheti: Nani Aliwapa Ufunguo wa Kabati?

Wandugu, kuna ubishi huko Scotland ambao sisi wa kambini tunauelewa vizuri sana. Kijana akivaa kilti, ile nguo ya mikunjo na mirabaraba ya wanaume wa milimani, ni lazima avae seti nzima? Koti fupi lenye vifungo vya kung'aa, mkoba wa ngozi kwa mbele, soksi hadi magotini na kisu kidogo ndani ya soksi? Au ruksa kuivaa na tisheti na buti, kama mashabiki wa timu yao ya taifa wakienda mpirani?

Watu wa seti nzima wanasema wenye tisheti wanachafua mila. Mimi nasema hapana.

Tuanze na hiyo mila yenyewe. Vazi la zamani la milimani lilikuwa kitambaa kimoja kikubwa cha sufu. Mtu anajifunga mkanda kiunoni, sehemu ya juu anaitupia begani, usiku anajifunika. Kilti fupi ya kuanzia kiunoni ilikuja karne ya 18. Yaani hiyo wanayoiita ya asili nayo ilikuwa fasheni mpya siku moja.

Halafu serikali ikaingia. Baada ya uasi wa 1745, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1746: mwanaume au mtoto wa kiume akikutwa na vazi la milimani, miezi 6 jela. Akirudia, anapelekwa ng'ambo miaka 7. Askari wa mfalme tu ndio waliachiwa. Sheria ilifutwa 1782. Sisi Wakongo tunaijua hadithi ya namna hii: miaka ya 1970 Mobutu alikataza suti na tai, eti tuwe wa asili, tuvae abakosti. Vijana wa Kinshasa, Papa Wemba akiwa mbele, wakajibu kwa kupiga sape. Na leo wapo masapeur wanaovaa kilti kwa mbwembwe! Kule walikatazwa nguo ya asili, kwetu tukalazimishwa nguo ya "asili". Ugonjwa ni uleule: mkubwa anataka kuamua mwili wako uvae nini.

Sasa sikia hii. Mwaka 1822 Mfalme George IV alitembelea Edinburgh. Mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe, mabwana wakaja na mavazi ya milimani, mfalme mwenyewe akavaa kilti. Lakini katika miaka iliyotangulia tu, kule Sutherland, maelfu ya wakulima wa milimani walikuwa wamefukuzwa kwenye ardhi yao ili kondoo wapate malisho. Nguo ikapandishwa jukwaani, mwenye nguo akatolewa nyumbani. Kuna mkimbizi asiyeelewa hapo?

Ndugu zangu wa mashirika, hapa nasema na ninyi. Ikikaribia tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tunaambiwa tuje na "mavazi ya asili". Kijana wa rafia na shanga anawekwa mbele ya kamera. Mwenye jinzi na shati la kitenge anasogezwa nyuma, kana kwamba yeye si mtu wa kwao. Nani aliwaambia utamaduni wetu uliishia siku tulipovuka mpaka? Hata kitenge chenyewe kina safari: Waholanzi waliiga batiki ya Java, wakaileta Afrika, mama zetu wakaipa majina na maana. Leo ni chetu. Kimekuwa chetu kwa kuvaliwa.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Kilti nzuri inakula kama yadi 8 za sufu na inashonwa kwa mkono. Vitu vya bei rahisi vya kuuzia watalii vinamnyima fundi kazi. Kweli kabisa. Lakini fundi haokolewi na kabati lililofungwa. Anayevaa kilti harusini tu, mara nyingi anaikodi. Anayeivaa Jumanne sokoni ndiye atakayerudi kwa fundi. Howie Nicholsby wa Edinburgh, mtoto wa familia ya mafundi wa kilti, anashona za jinzi na za ngozi. Je, ameua mila? Ameipa wateja.

Sisemi seti nzima itupwe. Siku ya ndoa au ya msiba, vaa yote, tena vaa vizuri. Na wewe wa tisheti, ijue historia ya unachovaa, watu walifungwa kwa ajili yake. Ila asitokee mtu kukuambia wewe si mtoto wa kwenu kwa sababu ya viatu.

Basi mwaka huu, vijana, mkiambiwa mje na vazi la asili, njooni na mnachovaa kweli. Na ninyi wa mashirika, kabla ya kupiga picha, ulizeni kwanza: wewe ungependa kuonekana vipi?